Uzi: Pete moja, rangi 400. Kiigaji cha kwanta kinachokaa kwenye chipu

#1 Kibatari (mwenye uzi)

Wakuu salaam. Kuna mtu alibandika kwenye uzi mwingine picha ya chipu ndogo kando ya sarafu akaandika "kompyuta ya kwanta sasa inaingia mfukoni". Nikaanza kumjibu kulekule, jibu likawa refu kuliko uzi wenyewe, ndiyo nimefungua wa kwangu. Mimi si profesa. Nilisoma fizikia nikaishia kushika chaki sekondari, ila mambo ya mwanga ni ugonjwa wangu wa siku nyingi.

Kwanza jina. Kitu kile si kompyuta kwa maana tuliyoizoea. Ni kiigaji. Kompyuta unaipa hesabu yoyote ikupigie. Kiigaji unakitengeneza kifanane na kitu unachotaka kukijua, unakiachia kifanye mambo yake, wewe unatazama na kuandika. Fundi mashua akitaka kujua chombo kitalalaje majini anaweza kuchonga kidogo cha mfano akakitia kwenye beseni. Hapigi hesabu ya kila tone. Maji yenyewe yanampigia.

Sasa kwa nini tuhangaike na beseni wakati laptop zipo? Chukua chembe ndogo zenye hali mbili tu, juu na chini. Kwa kanuni za kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kama atomu, huwezi kuandika hali ya kila chembe peke yake ukamaliza; lazima uweke namba moja kwa kila mchanganyiko unaowezekana. Kila chembe ikiongezeka, orodha inakuwa maradufu. Chembe 30 ni namba zaidi ya bilioni moja, na kila namba ikichukua baiti 16, RAM ya gigabaiti 16 imejaa pomoni. Chembe 50 ni namba trilioni 1,126. Chembe 300, orodha inazidi atomu zote za ulimwengu tunaoweza kuuona. Na chembe 300 si kitu, ni vumbi lisiloonekana.

Hiyo ndiyo shida aliyoizungumzia mwanafizikia Richard Feynman mwaka 1981 kwenye mkutano wa MIT, Marekani. Hoja yake kwa kifupi: kama maumbile yanaendeshwa kwa kwanta, basi tuyaige kwa kitu ambacho nacho kinaendeshwa kwa kwanta.

Naendelea usiku, nina madaftari ya kusahihisha.

#2 Nyakati_Ngumu

Nimetandika mkeka siti ya mbele. Karanga ninazo.

#3 Mbishi_Halisi

1981 mpaka leo ni miaka arobaini na ushee mkuu. Kila mwaka "mapinduzi yanakuja". Yanakuja kwa miguu?

#4 Kibatari

Mbishi, swali lako nimeliweka kiporo, tutalila.

Kwa nini mwanga? Wapo wanaotumia ayoni (atomu zenye chaji) zilizonaswa, atomu zilizopozwa, saketi za metali zisizo na ukinzani. Zote zinahitaji utulivu wa ajabu, kwa sababu kitu chochote kikizigusa zinasahau hali yake. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, haishughuliki na jirani. Inapita hewani, inapita kwenye kioo, haiguswi na joto la chumba. Sifa hiyo ndiyo baraka yake, na baadaye mtaona ndiyo laana yake.

Kisa chenyewe kina mji wake: Rochester, jimbo la New York. Mwaka 1987 wanafizikia Hong, Ou na Mandel wa chuo kikuu cha pale walileta fotoni mbili zinazofanana kabisa kwenye kioo kinachogawa mwanga nusu kwa nusu, moja upande huu, moja upande ule. Akili ya kawaida inasema mara nyingine zitatoka pamoja, mara nyingine zitaachana. Wapi! Zikifika kwa wakati mmoja zinatoka pamoja daima, ama zote kulia ama zote kushoto. Ukichelewesha moja kidogo tu, tabia inapotea. Hakuna kamba inayozifunga. Ni kwamba njia mbili za kuachana zinafutana, kama wimbi la juu linapokutana na la chini. Karibu kila kiigaji cha mwanga kimejengwa juu ya jambo hilo.

Kwa miaka mingi majaribio haya yalifanyika kwenye meza kubwa za chuma zenye vioo na lenzi kila kona, na mtu akifunga mlango kwa nguvu asubuhi yote imepotea. Mwaka 2008 watu wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, wakaonyesha kwamba meza ile unaweza kuichora kwenye kipande cha silikoni, mwanga ukapita kwenye vijia vya kioo vilivyochongwa humo. Mwaka 2010 wakapitisha fotoni mbili kwenye vijia 21 vilivyolala ubavu kwa ubavu, karibu kiasi kwamba mwanga unavuja kutoka kimoja kwenda kingine, na zile fotoni zikatembea humo kama elektroni zinavyotembea kwenye mnyororo wa atomu.

Halafu 2015, Bristol haohao, na chipu iliyotengenezwa na kampuni ya simu ya NTT ya Japani: njia 6 zinazoweza kuchanganywa vyovyote utakavyo. Ilihitaji vipitishio 15 vya kuzichanganya na vihita 30 vya kuvirekebisha. Shikeni hizo namba. Njia 6, vipitishio 15. Kanuni ni idadi ya njia mara idadi hiyo kasoro moja, gawa kwa mbili. Ukitaka njia 400 piga mwenyewe: 79,800.

#5 FundiFaiba

Hapa ndiyo kwangu. Mimi naunganisha faiba mwaka wa tisa. Maswali mawili. La kwanza, upotevu. Faiba ya kawaida kwenye mwanga wa nanomita 1550 inapoteza dB 0.2 (desibeli, kipimo cha mwanga unaopotea) kwa kilomita, hiyo nakubali. Humo kwenye chipu je? La pili, kona. Kuna siku nilihangaika na laini saa nne nzima, OTDR (kifaa cha kupima faiba) inaonyesha mwanga unafia mita 600, kumbe mtu aliyepita kabla yangu alibana waya ndani ya boksi kama anafunga kamba ya kiatu. Faiba haipendi kona kali. Hiyo chipu ya ukubwa wa ukucha inakunjaje mwanga?

#6 Kibatari

Fundi, umenifurahisha. Kona kwanza. Mwanga unabaki ndani ya njia kwa sababu kiini kinaupunguza kasi kuliko ganda. Kwenye faiba yako tofauti ya kiini na ganda ni ndogo mno, chini ya asilimia moja, ndiyo maana unapewa kipenyo cha kukunja cha sentimita kadhaa. Silikoni inapunguza kasi ya mwanga mara 3.5 hivi, kioo kinachoizunguka mara 1.44. Tofauti kubwa namna hiyo inaushika mwanga kwa ukali, unaweza kuukunja kwa nusu kipenyo cha maikromita 5 na usitoroke. Udogo wote wa chipu umetoka kwenye kona.

Upotevu sasa, na hapa hutapenda. Kijia cha silikoni cha kawaida kinapoteza kama dB 2 kwa SENTIMITA. Wewe unahesabu kwa kilomita. Malighafi nyingine, silikoni naitraidi, inapoteza pungufu, na ya tatu, lithiamu niobeti, ikichongwa vizuri imewahi kufika dB 2.7 kwa mita. Halafu kuna mlangoni: kiini cha faiba yako kinabeba doa la mwanga la maikromita 10, kijia cha chipu hakifiki maikromita moja kwa kimo. Kumimina ndoo kwenye mrija. Pale pekee si ajabu kuacha dB kadhaa.

Wewe mwanga ukipungua unaongeza nguvu au unaweka kikuza mawimbi. Fotoni moja haikuzwi. Kuikuza ni kuiharibu. Tuseme kila fotoni ina nafasi ya nusu kufika mwisho, yaani dB 3. Fotoni mbili zote kufika ni robo. Fotoni 10 zote kufika ni mara moja katika 1,024. Ndiyo maana mtu wa fani hii akikutana na mwenzake, swali la kwanza baada ya salamu ni "upotevu wako ngapi?"

#7 Bi_Mdadisi

Mwalimu, kichwa cha uzi kinasema pete na rangi 400. Tumepita Bristol, tumepita boksi la faiba, pete siioni. Niko mwaka wa tatu uhandisi wa umeme na kesho nina jaribio, tafadhali ifikie.

#8 Kibatari

Haya Bi Mdadisi, pete yako hii hapa.

Ukitaka kuiga fuwele (atomu zilizopangika kwa nafasi sawa) yenye atomu 400 kwa kuchora njia 400, chipu inavimba, vihita vinapashana joto, upotevu unapanda. Rochester tena, mji uleule wa 1987, kundi la mtafiti Qiang Lin likaja na njia nyingine, ikachapishwa kwenye jarida la Nature Photonics mwaka 2023, mwandishi wa kwanza akiwa Usman Javid. Wao hawakuongeza njia. Walihamisha fuwele kutoka kwenye nafasi na kuipeleka kwenye rangi.

Chora pete ndogo ya lithiamu niobeti. Mwanga unazunguka humo. Kama waya wa udi unaokubali sauti fulani tu kutokana na urefu wake, pete nayo inakubali rangi zile tu ambazo mawimbi yake yanaingia mzunguko mzima bila kubaki kipande. Rangi hizo zinapangika kwa nafasi zinazolingana, kama vidato vya ngazi. (Naziita rangi kwa urahisi. Zote ni za eneo lilelile la faiba, jicho halioni hata moja.)

Sasa lithiamu niobeti ina tabia ambayo silikoni safi haina: ukiipa volti, kasi ya mwanga ndani yake inabadilika papo hapo. Silikoni mara nyingi mpaka uipashe joto, na joto ni kobe. Kwa hiyo weka elektrodi kando ya pete, itikise kwa mawimbi ya redio yenye mapigo sawa na nafasi ya kidato hadi kidato. Fotoni iliyoko kidato cha 10 inaweza kuruka hadi cha 11 au kushuka cha 9. Kutoka 11, hadi 12 au kurudi. Kila kidato ni atomu. Fotoni ni elektroni inayoruka atomu hadi atomu. Nguvu ya mtikiso ndiyo urahisi wa kuruka. Una fuwele nzima, na umechora pete MOJA.

Bado tuko kwenye mstari. Hapa ndipo ujanja wa pili. Lithiamu niobeti inaweza kupasua fotoni moja ya leza kuwa pacha wawili, na pacha hao wanagawana nishati ya mzazi kama urithi: mmoja akipata zaidi, mwenzake anapungukiwa kiasi kilekile. Nani kapata ngapi, hakijaamuliwa mpaka upime. Kwa hiyo huulizi tena "fotoni iko kidato gani", unauliza "huyu yuko kidato gani NA mwenzake yuko kidato gani". Maswali mawili, mihimili miwili, kama ramani yenye latitudo na longitudo. Walipata wavu wa karibu 400 kwa 400. Vituo karibu 160,000 kutoka kwenye pete moja na jozi moja ya fotoni pacha. Linganisheni na vijia 21 vya mwaka 2010, ambavyo kwa fotoni mbili vinatoa michanganyiko 231.

Wakaigiza nini? Jambo la kwanza, matembezi ya nasibu ya kwanta. Rusha sarafu, upande mmoja hatua kulia, upande wa pili hatua kushoto. Baada ya mirusho 100, kwa kawaida utakuwa kama hatua 10 tu, yaani kipeuo cha pili cha 100, kutoka ulipoanza. Fotoni haichagui, inakwenda pande zote na mawimbi yake yanafutana katikati, hivyo inatawanyika kwa kadiri ya muda wenyewe, si kipeuo chake.

La pili ndilo ninalolipenda. Funga betri kwenye fuwele safi kabisa. Utadhani elektroni itakwenda mbele tu, kasi ikiongezeka. Kazi ya mwanafizikia Felix Bloch ya 1929, na ya Zener baada yake, inatupeleka pengine: elektroni inakwenda, inasimama, inarudi ilipotoka, inakwenda tena. Inayumba kama pembea ingawa kani inavuta upande mmoja! Kwenye kipande cha kawaida cha metali hulioni hilo, kwa sababu elektroni inajigonga kwenye uchafu na mitetemo kabla ya kumaliza hata yumbo moja. Kwenye pete hakuna uchafu wa namna hiyo. "Betri" unaipata kwa kutikisa kwa mapigo yaliyokosea kidogo nafasi ya vidato. Kukosea huko ndiko kani. Na wakaona pacha wakiyumba, kwenda na kurudi.

Kalale sasa, ufaulu jaribio.

#9 Mpwani254

Shekhe, shukran kwa darsa. Mie ni mtu wa kemia, Mombasa. Hizi fuwele nzuri, lakini molekuli je? Hapo ndipo sisi twaumia.

#10 Kibatari

Zipo, mkuu. 2014 Bristol walitumia chipu ya mwanga kukadiria nishati ya ayoni ya heliamu na hidrojeni, atomu mbili tu, chipu ikisaidiana na kompyuta ya kawaida: moja inajaribu, nyingine inasahihisha, mpaka nishati ifike chini kabisa. 2018 wakaiga mitetemo ya molekuli, na humo mwanga unafaa kwa asili kwa sababu mtetemo na fotoni hesabu zao zinafanana. Kampuni ya Xanadu ya Toronto nao mwaka 2021 walitoa chipu ya milimita 10 kwa 4 inayoweza kukadiria mstari wa rangi ambazo molekuli inanyonya. Molekuli zenyewe bado ni ndogo, za aina ambayo wewe unaijua kwa kichwa.

#11 Mbishi_Halisi

Sasa kiporo changu. Vituo 160,000. Baiti 16 kila kimoja, hiyo ni megabaiti mbili na nusu. Simu yangu iliyopasuka kioo ina picha za harusi kubwa kuliko hiyo fuwele. Kwa hiyo mtu katumia miaka kujenga kitu ambacho simu yangu ingefanya?

#12 Kibatari

Ndiyo. Kwa ukubwa huo, simu yako ingefanya.

Na wala usiishie hapo, nikuongezee risasi. Ile picha ya chipu kando ya sarafu haionyeshi meza ya jirani: leza, vikuza mawimbi ya redio, vichujio, na mara nyingi vigunduzi vya nyuzi zisizo na ukinzani zinazopozwa hadi karibu nyuzijoto 270 chini ya sifuri. Chipu ni ya ukucha, kabati lake ni la mtu mzima. Wapiga picha wanajua wanachokata.

Ya pili: ile baraka niliyosema, kwamba fotoni haishughuliki na jirani. Fotoni mbili zinapishana kama vivuli. Elektroni halisi zinasukumana, na mambo magumu ya kemia na ya sumaku yamo kwenye huko kusukumana. Pete inaiga chembe zisizojuana. Watafiti Knill, Laflamme na Milburn walionyesha 2001 kwamba unaweza kuzilazimisha zijuane kwa kuongeza fotoni za ziada na kupima katikati ya safari, lakini gharama yake katika idadi ya fotoni ni ya kutisha.

Ya tatu, pacha wanazaliwa kwa bahati. Huwezi kuiagiza chipu "toa sasa". Ukitaka jozi mbili kwa mpigo, bahati inajizidisha yenyewe. Kitu cha mara moja katika 1,000 kinakuwa mara moja katika milioni.

Lakini angalia upande wa pili. Fotoni mbili kwenye vidato 400 ni vituo 160,000. Tatu ni milioni 64. Nne ni bilioni 25.6. Tano ni zaidi ya trilioni 10. Pete haijaongezeka hata moja. Simu yako inaishiwa, pete inabaki vilevile. Wachina wa Hefei mwaka 2020, na mashine yao Jiuzhang, walifika fotoni 76 zilizogunduliwa, na wakasema kompyuta za kawaida zimeachwa mbali kwa kazi ile moja, ila yao ni meza iliyojaa vioo. Kazi iliyobaki ni kuiingiza idadi ile kwenye ukubwa huu. Nani atafika na lini, sibashiri.

#13 Nyakati_Ngumu

Mimi nimeelewa mpaka pale kwenye udi. Swali dogo: hii ngazi ya rangi inaweza kutusaidia umeme usikatike?

#14 FundiFaiba

@Nyakati_Ngumu kula karanga zako taratibu.

Kibatari, umenitia hamu. Kumbe kukosea mapigo kidogo ndiyo kani! Sisi kukosea kidogo ni kupigiwa simu na bosi.

#15 Bi_Mdadisi

Jaribio limepita salama. Nimekaa na laptop tangu juzi. Nimeandika programu ya Python: vidato 400, fotoni moja, naianzisha katikati. Ikaenda, ikasimama, ikarudi! Nikapiga kelele mpaka mwenzangu wa chumbani akaamka. Hayo si ndiyo mayumbo ya Bloch?

#16 Kibatari

Hongera, ila usimwamshe tena kabla hujahakikisha. Ongeza kani mara mbili. Kama ni Bloch, safari itapungua nusu na muda wa kwenda na kurudi nao nusu. Kama inageukia palepale, umegonga ukuta wa kidato cha mwisho ikarudi kama mpira. Hata pete halisi ina ukuta wake: rangi zilizoachana sana zinakwenda kwa kasi tofauti, vidato vinaacha kulingana, na mtikiso mmoja hauwezi tena kurusha fotoni.

#17 Bi_Mdadisi

Ilikuwa ukuta. Nilisahau hata kuweka kani, nimeona aibu. Nimeiweka sasa: inageuka kidato cha 240, nikiongeza mara mbili inageuka cha 220, na inarudi katikati kwa nusu ya muda. Hii ndiyo yenyewe, nimeangalia mara tatu.

Nimeongeza fotoni ya pili, inakimbia vizuri. Ya tatu imekula gigabaiti moja na feni inalia kama inapaa. Ya nne imegoma hata kuanza, inasema inataka gigabaiti 381.

#18 Mbishi_Halisi

Gigabaiti 381? Kwa fotoni NNE?

#19 Bi_Mdadisi

Nne, kaka. Weka na simu yako tuone.